Neno Kutoka Chini ya Gari

Sitaki kuhurumiwa. Nilidanganya neno moja na mzee wa watu akafutwa kazi.

Tunaosha makapeti na viti hapa Nairobi, Loresho, Spring Valley, huko kwa nyumba za mageti marefu. Mashine hukaa ndani ya gari, injini na tangi la maji pamoja, na watu wanne hawaiinui. Ilipokuja mpya ilibidi ifungwe kwa sakafu ya gari na bolti sita. Chini, kila bolti huwekewa kipande bapa cha chuma kabla ya nati, maana sakafu yenyewe ni bati tu. Bila hicho chuma bolti hung'oka. Fundi anakaa juu na spana, mwingine analala chini ameshika nati. Wa juu haoni kitu. Anauliza, "Imekaa?" Akijibiwa, "Imekaa," anakaza.

Siku hiyo wa juu alikuwa mzee, fundi wetu, na wa chini nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ni mwembamba. Mtoto wangu alikuwa na miezi minne, nimemwacha kwa jirani tangu alfajiri. Kufika bolti ya nne, maziwa yakaanza kunitoka. Nimelala chali, mikono juu, siwezi kujifunika, ovaroli inalowa, na wanaume wawili wa kuosha magari wamechutama wananichungulia.

"Siste, radieta yako inavuja!"

"Mwite fundi aikaze!"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Ningewatukana, mdomo ninao. Ningemwambia mzee, "Ngoja kidogo." Badala yake nikaharakisha. Vile vyuma viwili vya mwisho nilivisukuma kando, nikashika nati peke yake.

"Imekaa?"

"Imekaa."

"Na hii ya mwisho?"

"Nimesema imekaa, mzee, kaza!"

Nikatoka huko nimejikumbatia kama mtu aliyeiba kuku.

Siku ya tatu, kwa mteremko wa Spring Valley, dereva alikanyaga breki ghafla. Zile bolti mbili ziling'oka na bati lake, nne zilizobaki zikapinda, mashine ikaja mbele ikambana bega kwenye usukani. Mimi nilikuwa kando yake. Sikuguswa hata na maji.

Gari lilivutwa hadi kwetu kazini, Parklands. Bosi akatoka ofisini.

"Mzee, umri wote huo hujui kufunga bolti?"

Mzee alilala chini mwenyewe, akaangalia, akatoka na vumbi mgongoni.

"Bosi, mbili hazina chuma."

"Na nani alifunga? Si ni wewe?"

Hakunitazama. "Ni mimi."

"Basi chukua vitu vyako uende."

Nilikuwa hapo hapo nikikunja mpira wa maji. Nikaendelea kuukunja.

Nilimfikia getini. "Mzee, ni mimi sikuviweka."

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Mimi nilikuwa hapo juu, najua nani alikuwa chini. Mwenye hajui yuko kwa ofisi."

"Atanifuta."

"Eeh. Atakufuta." Akaweka sanduku lake la spana chini. "Nenda. Nakungoja."

Nilienda. Bosi alikuwa kwa simu, akaniinulia kidole nisubiri. Ningependa kuandika kwamba nilimwaza mtoto, kwamba atakula nini. Uongo. Nilichoogopa ni kusimama mbele ya yule mwanaume niseme matiti yangu yalivuja nikaona haya. Dereva hospitalini, mzee getini, na mimi naona haya ya maziwa! Hadi leo nikikasirika nawakasirikia wale wawili waliochutama, kwa sababu hao ni rahisi.

Akakata simu. "Nini?"

"Hakuna, bosi. Mpira nimeshakunja."

Mzee alikuwa bado getini. Aliponiona natoka hakungoja nifike. Aliniangalia uso mara moja, akainama, akachukua sanduku lake.