Koti Jeupe

Juzi, kwenye meza ya mitumba sokoni Bariadi, niliona koti jeupe la daktari, pua yangu ikajaa tena harufu ya dawa ya pamba. Siku ile ya utotoni, mbwa wangu Kaboya alikuwa amelamba bomba la kupulizia dawa hiyo shambani, akaanza kutetemeka na kutokwa povu.

Mama akaniuliza, “Mbwa ni wako. Tumpeleke kwa bwana mifugo wa serikali au kwenye lile duka jipya la dawa?”

Bwana mifugo alivaa kandambili na kunywa togwa kwetu. Mwenye duka alivaa koti jeupe. Nikachagua koti.

Alisoma maandishi ya chupa mara mbili, kisha akamchoma sindano ya ng'ombe. Kaboya akatulia. Njia nzima ya kurudi nilimbeba, mwili wake ukizidi kupoa na kukakamaa, nikimsihi mama, “Mayu, usiongee kwa sauti, amelala.”