Barabara Iliyoishia Keroka

Mtu ambaye hajawahi kukutembelea akitokea kwako Ijumaa alasiri, mkate kwapani na soda kubwa mkononi, usimshukuru haraka. Nilimwona akishuka kwenye bodaboda pale langoni, akijipangusa vumbi la Nyansiongo kwenye viatu vyake vyeupe, nikamfunga mtoto vizuri mgongoni nikasema kimoyomoyo: leo ni leo.

Alikuwa mwenye duka la gemu mjini Kisii. Chumba kimoja, skrini zimepangwa ukutani, vijana wamekaa kwenye mabenchi wakilipia kila mchezo. Mlangoni alikuwa amebandika bango kubwa: ENDESHA GARI KISII HADI NYANSIONGO. Barabara hiyo anayoiuza niliichora mimi.

Kwa asiyejua mambo haya, nieleze. Kuna gemu ya kuendesha mabasi, imetengenezwa na watu wa mbali ambao hawajui kama duniani kuna mahali panaitwa Keroka. Wanakupa mabasi yao na barabara zao. Lakini wameacha mlango wazi: ukijua kuchora, unaweza kuingiza gari lako na barabara yako. Hicho unachoingiza vijana wanakiita modi. Mimi niliingiza kwetu. Chai iliyokatwa sawa kama nywele za mwanafunzi wa bweni, ng'ombe wa maziwa wanaovuka bila haraka, matuta ambayo usipopunguza mwendo utaacha bampa hapo. Na pale Keroka nikamweka mama yangu mzazi, ambaye ameuza ndizi kando ya barabara tangu niko shule ya msingi, chini ya mwavuli wa bluu uliotoboka upande mmoja. Nilichora mpaka lile tundu.

Nilifanya yote hayo huku nanyonyesha, mkono mmoja kwa mtoto na mwingine kwa kompyuta. Nilipomaliza nikaitoa bure kwenye kundi letu la wachoraji, kwa sababu kwenye kundi ndivyo tunavyofanya. Unapewa, unatoa. Nilifurahi kama mjinga. Kisha siku moja nikampeleka mtoto kliniki Kisii, nikapita nje ya lile duka, nikachungulia. Basi lilikuwa linaingia Keroka. Mwavuli wa mama haukuwepo. Mahali pake palikuwa na bango la duka la gemu.

Tangu siku hiyo nilikuwa na maneno ya kumwambia, na sasa amejileta mwenyewe.

"Shemeji!" aliita kabla hajafika mlangoni.

"Ingia tu. Hapa hatulipishi mtu kuingia."

Alicheka kama hakuelewa. Mama mkwe wangu alipokea mkate, akaushukuru Mungu badala ya mgeni, akarudi kwa sufuria zake. Ijumaa nyumba ya Wasabato haina nafasi ya mtu wa kuzunguka-zunguka. Chakula cha kesho kinapikwa leo, nguo zinapigwa pasi leo, mtoto anaogeshwa leo, na jua likizama kila kazi inakoma, hata kama kijiko kiko hewani.

Mgeni alijua hivyo. Yeye pia ni Msabato, na duka lake hufungwa Jumamosi. Ndiyo maana alikuwa anaharakisha.

"Shemeji, wenye gemu wamebadilisha mambo yao wiki hii," alisema. "Sasa ile barabara imekataa. Gari ikiondoka stendi inazama kwa lami kama jiwe kwa maji. Na Jumapili nina shindano. Vijana wameshalipa kiingilio! Zawadi ni simu mpya."

"Pole."

"Ni kitu kidogo tu kwako. Unabonyeza-bonyeza, unatuma."

"Kama ni kubonyeza-bonyeza, bonyeza wewe."

Akafungua soda aliyoileta mwenyewe, akanywa. Nikamuuliza, "Mama yangu ulimpeleka wapi?"

"Mama yako?"

"Wa ndizi. Keroka."

"Ah, ile kibanda! Kijana wangu aliitoa. Ilikuwa inazuia."

"Inazuia nini?"

"Bango."

Wallahi kama si mtoto mgongoni. Nilimwambia moja kwa moja: barabara nitaitengeneza, mama atarudi mahali pake, na wewe utanilipa kabla sijagusa kitu.

"Kulipa?" Aliniangalia kama nimeomba figo. "Lakini hizi modi hazilipwi, shemeji. Ulitoa bure wewe mwenyewe."

"Niliwapa bure wachezaji. Wewe unawauzia."

"Mimi nalipa nyumba, nalipa stima, nalipa wenye skrini..."

"Unalipa kila mtu isipokuwa aliyechora barabara."

Hapo mume wangu akaingia. Anauza katika duka la vifaa vya ujenzi Kisii, analala huko wiki nzima, anarudi Ijumaa kabla ya Sabato. Laptopu ni yake, au ni yetu, inategemea amekasirika kiasi gani. Wiki hizo ilikuwa yake. Alikuwa ameniambia kazi isiyolipa ni mchezo, na mchezo ni wa watoto. Alikuwa ameshapata mnunuzi, mwenzake wa dukani, na mnunuzi huyo alikuwa anakuja Jumapili adhuhuri kuichukua. Hatukuwa tumepigana juu ya jambo hilo. Ingekuwa afadhali tupigane. Alikuwa amelipanga tu, kama mtu anayeuza dume asiyepanda.

"Mnaongea nini mpaka nasikia langoni?" aliuliza.

"Shemeji hapa anataka kuuza msaada," mgeni akasema. Kisha, kwa sababu ni mjanja, akamgeukia mama mkwe. "Mama, si wewe uko kwa egesangio? Si mnalimiana bila mtu kudai mtu? Hii yetu ni hiyo hiyo. Ni egesangio ya vijana."

Mama mkwe wangu alikuwa amepiga magoti akipuliza makaa ya pasi. Ni kweli yuko kwenye egesangio. Ni wanawake wa huku juu wanaozunguka mashamba yao kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Mgeni alifikiri amepata wakili.

"Wewe umelima kwa nani?" mama mkwe aliuliza bila kugeuka.

"Aje, mama?"

"Nauliza umelima kwa nani. Huyu amelima kwako. Wewe umelima kwa nani? Sisi ukilimiwa halafu usirudi, msimu ujao majembe yanapita kwa lango yako kama hayajui njia. Na hiyo siku ya kulima, mwenye shamba asipopika uji, anasemwa mpaka kanisani." Akainuka na pasi. "Na nyinyi mmepigia kelele nyumba yangu na jua linaenda."

Nilitaka kucheka. Kumbe bado, zamu yangu ilikuwa inakuja.

"Na wewe," akaniambia, "hiyo barabara ulilima peke yako?"

Nilikasirika kuulizwa, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Chai si yangu. Chai yote ile, milima yote ya kijani watu wanayosifu, ilichorwa na kijana wa Nyacheki ambaye sijawahi kumwona kwa macho. Nilimwomba kwenye kundi, akanipa, hakusema nimpe nini.

"Chai ni ya mtu," nilisema.

"Basi naye ale."

Ndivyo masharti yangu yalivyoongezeka. Nilimwambia mgeni: yangu, ya mtu wa Nyacheki, na mwavuli wa mama yangu. Alipiga hesabu, akakunja uso.

"Nitaweka picha yako kwa bango, shemeji. Utajulikana Kisii nzima!"

"Mwenye duka la unga hajawahi kuniuliza kama najulikana."

Mume wangu alikohoa. Sikujua kama ni kicheko. Nje, jua lilikuwa limefika kwenye vichwa vya mikaratusi ya jirani, na ukilikuta hapo usianze kuosha sufuria kubwa. Nilikuwa nimewasha laptopu, imekaa wazi mezani, ramani iko tayari. Kuna kazi ningeweza kuimaliza kama angelipa wakati ule. Alitoa simu, akaiinua juu, akasema mtandao unasumbua. Akatoka uani, akarudi. Akasema atatuma akifika barabarani, mtandao huko uko sawa.

"Tuma ukiwa hapa," nilimwambia.

"Huniamini?"

"Hapana."

Akapanda bodaboda akaondoka. Mkate ulibaki.

Mama mkwe alikuja akafunga laptopu taratibu, kama mtu anayefunika mtoto. Akakusanya simu zetu zote, akaziweka kabatini, akafunga, ufunguo akaufundika kwenye ncha ya leso yake. Tulisimama kuimba wimbo wa kukaribisha Sabato. Katikati ya ubeti wa kwanza, ndani ya kabati, simu moja ikalia mlio wa ujumbe.

Hakuna aliyegeuka. Mama mkwe akaongeza sauti.

Jumamosi ile nilikaa kanisani na sikusikia neno. Kampuni ya simu hutuma matangazo hata siku ya Sabato. Huenda ulikuwa ujumbe wa mume wangu, kutoka kwa mnunuzi. Huenda ni mama yangu. Nilimtazama mume wangu upande wa wanaume, akiimba vizuri, tenori safi, na nikamchukia kwa utulivu wake. Mchana tukala chakula cha jana. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Yule mtu anakuja kesho. Ufute vitu vyako kwa mashine."

"Vitu vyangu vitakwenda wapi?"

Akajipakulia tena. Mtoto alikuwa anatafuna ukoko wa ule mkate.

Jua lilipozama tukaimba, tukaomba, na kabati likafunguliwa. Ujumbe ulikuwa wangu. Pesa ilikuwa imeingia. Nusu. Chini yake ameandika: *Ingine baada ya shindano, shemeji. Mungu akubariki.*

Nusu! Angekataa kabisa ningemwelewa. Lakini nusu ni mtu anayekupima aone kama utakubali. Na Mungu amemweka hapo mwisho kama muhuri.

Kwanza nikamtumia mtu wa Nyacheki fungu lake. Akaniuliza, "Hii ni ya nini?" Nikamjibu, "Ya chai." Akaandika kwamba hakuna mtu amewahi kumlipa kwa kitu alichochora. Kisha nikaandika kwenye kundi kwamba barabara mpya haitakuwa bure kwa wenye maduka. Mmoja wa wale wa zamani, aliyenifundisha jinsi ya kufanya magurudumu yazunguke, akaandika, "Umeleta soko kanisani," akaniondoa kabla sijajibu. Iliniuma na bado inaniuma. Alinifundisha bure, na ninajua. Lakini yeye hajawahi kuona bango likisimama mahali pa mama yake.

Nikakaa kwa laptopu. Nilitengeneza barabara kutoka stendi ya Kisii, kona kwa kona, lami ikashika, mabasi yakaacha kuzama. Nikafika Keroka. Nikang'oa bango, nikamrudisha mama, mwavuli, ndizi, tundu. Hapo nikaacha. Kutoka Keroka kwenda Nyansiongo sikugusa. Nikatuma.

Jumapili nilikuwa uani natandaza nguo za mtoto simu ilipopigwa. Nyuma ya sauti ya mwenye duka vijana walikuwa wanapiga kelele, wengine wanazomea.

"Shemeji! Gari zinafika Keroka zinaanguka!"

"Zinaanguka wapi?"

"Hapa! Mbele ya huyu mama wa ndizi! Zote! Watu wanasema niwarudishie pesa!"

"Hapo ndipo pesa yako ilipofika."

"Shemeji, tafadhali..."

"Mama wa ndizi hana haraka. Atakungojea."

Nikakata. Langoni alikuwa amesimama mnunuzi, na begi tupu la laptopu begani. Mume wangu alikuwa ameenda kumpokea. Niliingia ndani, nikakaa mbele ya mashine, mtoto mgongoni, sehemu iliyobaki ya barabara imefunguka mbele yangu, sijaigusa. Niliweka simu kando ya kibodi. Sikuomba. Niliitazama tu, na uani nilisikia mnunuzi akiuliza kama imechajiwa.

Simu ikalia. Nusu ya pili, yote, bila Mungu mwishoni.

Nikaanza kazi. Kona ya kwanza baada ya Keroka, ya pili, ng'ombe, matuta. Mnunuzi akachungulia mlangoni.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Ngoja kwanza," mume wangu alisema nyuma yake. "Mke wangu yuko kazini."

"Sasa unauza ama huuzi?"

"Nimesema yuko kazini."

Nililisikia neno hilo. Kabla ya ujumbe ule kuingia, mashine ilikuwa hiyo hiyo, mikono hii hii, barabara hii hii, na neno lake lilikuwa mchezo. Sikugeuka kumshukuru. Betri ilikuwa imeanza kuisha, basi langu lilikuwa linakaribia Nyansiongo, nikamwambia alete chaja.