Goti la Bi Zuhura

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata ile niliyoapishwa udiwani. Nakusimulia leo kwa sababu umenichosha. Umeniletea picha zako za kampeni, umefunga tai, unataka nikuombee kura kwa Waswahili wenzetu wa hapa Woolwich. Nimekuuliza wazee wa jengo lenu wanaitwa nani. Hukumjua hata mmoja. Na usinijibu kwa Kiingereza, nisikilize.

Mimi nilikuja huku London baada ya Mapinduzi, nikafungua duka la vyakula: muhogo, nazi, samaki wakavu. Watu wakanizoea, nikajiona naweza kuwasemea, nikagombea udiwani. Bi Zuhura, mzee wa kwetu Unguja, alikaa ghorofa ya sita na lifti yao ilikuwa mbovu. Nikamwendea mpaka mlangoni, nikamwahidi kuwa nikishinda, hilo ndilo la mwanzo.

Nikashinda. Basi tena, kila siku vikao, suti, karamu. Duka nikamwachia mke wangu. Ahadi ni deni, nami nilikwishaisahau.

Asubuhi moja nimepita dukani, Bi Zuhura akaingia na mkongojo, goti limefungwa bendeji. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi na kapu lake. Wateja walikuwa wamejaa. Kwa haya zangu nikajifanya mkubwa, nikamwambia alete malalamiko kwa maandishi.

"Ulipotaka kura hukuniandikia barua, mwanangu," akasema. "Ulipanda ngazi."

Akanunua nazi mbili, akatoka. Mke wangu hata hakuniangalia. Nikavua koti, nikamkimbilia, nikambebea kapu. Tulipanda polepole, na kila alipopumzika, mlango ulifunguka, mtu akanieleza shida yake. Kesho yake nikaenda kukaa ofisini kwa wenye jengo, sikuondoka mpaka wamempangia fundi siku. Lifti ikatengenea. Goti halikupona, alichechemea mpaka anaingia kaburini, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa weka hizo picha. Cheo ni dhamana, si pambo. Wajue watu kabla hujawa na haja nao: nani mgonjwa, nani anakaa peke yake. Usiahidi usiloliweza, na uliloahidi usingoje kukumbushwa na aliyekwishaumia.

Haya, nenda. Mungu akuepushe na kiburi cha kiti, akupe sikio la kuwasikia wanyonge, na popote utakapotajwa, utajwe kwa heri.