Kurasa Arobaini Nilizozifunga

Asubuhi ile nilitoka Ilala bila mpango wala pa kulala, nikatokea Kariakoo, kwenye steshenari ya Mama Zuhura. Kompyuta yake ilikuwa inagandaganda, feni inanguruma. Akaniahidi chumba cha uani nikiitengeneza.

Shule niliishia darasa la sita, lakini kompyuta nazijua. "Mama, umeacha kurasa arobaini za intaneti wazi. Ndizo zinazoielemea." Nikazifunga zote. Mashine ikawa nyepesi, nikajipigia makofi.

Mara akaingia dada mmoja ameshika cheti. "Mama, nimekileta, tumalizie maombi yangu ya kazi."

Kumbe kila ukurasa ulikuwa fomu ya mteja iliyojazwa nusu, mwenyewe kaenda kufuata cheti nyumbani.

Mama Zuhura akanigeukia. "Chumba umepata, fundi. Hutoki humu mpaka uzijaze upya zote."