Sista Elida na Mzee Aliyekataa Kuitwa Mkimbizi

Sista Elida, muuguzi wetu, alizaliwa Ilagala kwa wavuvi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita mtumbwi ulio mbali majini. Akinong'ona wodini, hata mochwari walisikia. Mimi nilikuwa mhudumu katika chumba cha mahututi cha hospitali yetu miaka kumi na mmoja, na darasa la saba nilimaliza bila kurudia mwaka hata mmoja. Kwa hiyo haya ninayoandika niliyaona mwenyewe, sikusimuliwa.

Mwaka wa tisini na saba, wakimbizi Warundi walipokuwa wengi, shirika moja lilituletea mashine mbili za oksijeni. Kila moja ilibandikwa karatasi: KWA WAKIMBIZI TU. Daktari mfawidhi akatukusanya.

"Tukivunja sharti watazichukua zote mbili," alisema, "na hapo hata wakimbizi watakosa."

Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya tungemsengenya tukapata nafuu.

Basi akaletwa mama mmoja wa Kidahwe, mwenyeji, anatweta kama samaki aliyetupwa mchangani. Mashine moja ilikuwa haina mtu, imefunikwa kitambaa. Elida alikwenda kwa mfawidhi mara tatu, akakataliwa mara tatu. Yule mama alikufa saa nane mchana, Elida amemshika mkono, na mashine ipo hatua mbili kutoka pale. Tangu siku hiyo akipita karibu na ile mashine aligeuza uso, kama mtu aliyekutana na mkwe wake njiani.

Hazikupita wiki mbili, akaletwa Mzee Bonaventura wa Simbo, nimonia imembana. Elida alimtazama, akaitazama mashine, akachukua kadi akaandika: Ndayisenga, miaka sabini, mkimbizi.

"Sista, Ndayisenga ndiye nani?" nikamuuliza.

"Ndiye huyu."

"Huyu si Bonaventura? Nawajua ukoo mzima, hata..."

"Dada, wewe fagia."

Nikafagia. Akafunua kitambaa, akawasha, akamtia mzee mipira ya hewa puani. Mkewe, Mama Agnesi, alipiga magoti kumshukuru Mungu. Siku ya pili mzee akapata pumzi, na pumzi hiyo ya kwanza aliitumia kutuharibia.

"Nesi, mbona mnaniita Ndayisenga?"

"Shikamoo, Babu. Ni jina la humu wodini tu. Ukitoka unaliacha."

"Sitaki! Mimi Mha wa Simbo, baba yangu kazikwa Simbo. Sijamkimbia mtu. Simba aliingia zizini kwangu, akakimbia yeye!"

"Babu, pumua."

"Napumua. Ndayisenga ndiye asiyepumua."

Siku ya tatu akaja Egide, karani wa shirika, Mrundi mpole mwenye faili kwapani, kukagua nani anatumia mashine zao. Akamsalimu mzee kwa Kirundi, mzee akajibu kwa Kiha, na kwa kuwa lugha hizo ni ndugu wakaelewana vizuri. Nikaanza kutabasamu. Nilitabasamu mapema mno.

"Mzee, mlikimbia lini?" Egide akauliza.

Mzee akavuta mipira ikatoka puani ili asikike. "Sijakimbia."

Egide akaacha kuandika. Elida akashika ukingo wa kitanda. Ndipo kwenye kitanda cha pili Bibi Ndayikunda, mkimbizi wa kweli, mwenye mashine yake kwa haki, akajiinua kwa viwiko.

"Umugabo wanje!" akalia. "Ni mume wangu huyo! Vita vimemvuruga kichwa. Kila siku ni hivyo hivyo."

"Mimi?" mzee akasema.

"Umeona? Hata mimi hanijui."

Na Mama Agnesi naye yuko mlangoni, kopo la uji mkononi. "Mume wa nani?"

Nilimkanyaga mguu. Akamtazama mumewe, ambaye midomo yake ilianza tena kugeuka rangi. Akaitazama mashine. Akaweka kopo chini, akasema meno yamekazana: "Shikamoo, dada mkubwa. Sikujua kama umeshafika."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Wake wawili," Egide akaandika.

"Mkiendelea hivi kufika jioni watakuwa wanne!" mzee akasema, akakohoa mpaka kitanda kikacheza.

Nilificha uso nyuma ya fagio nikacheka. Elida hakucheka. Alimrudishia mzee mipira yake taratibu, kisha akamgeukia Egide, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akinong'ona kweli.

"Kaka, futa hayo. Huyu ni Bonaventura wa Simbo. Hawa wamedanganya kwa ajili yangu, na uongo niliuanza mimi. Mama wa Kidahwe nilimwacha afe mbele ya mashine iliyofunikwa. Huyu simwachi. Mkitaka kuichukua, niondoeni mimi kwanza."

Egide akaigeuza kalamu yake vidoleni. "Dada, lazima niandike."

"Andika."

"Naandika. Lakini mimi ni karani. Mashine sijui hata inazimwaje."

Akafunga faili akaondoka. Mzee alibaki kwenye oksijeni siku nne zaidi, kisha akatoka kwa miguu yake, Mama Agnesi kabeba mkeka, Bibi Ndayikunda akimpungia kutoka kitandani. Mzee hakumpungia. Alisema hataki kesi nyumbani.

Shirika halikuchukua mashine. Lilileta karatasi mpya yenye maneno yale yale, kubwa kuliko ya kwanza. Elida akapata barua ya onyo na uhamisho, arudi Ilagala kwenye zahanati, akapime watoto uzito. Siku ya kukabidhi kazi alimzungusha Marselino, muuguzi aliyeshika nafasi yake, kitanda kwa kitanda. Walipofika kwenye mashine ya pili, imefunikwa tena, akaondoa kitambaa, akakikunja, akakitia kwenye mkoba wake.

"Swichi iko nyuma, kushoto," akamwambia. "Inakwama kidogo. Bonyeza mara mbili."