Mito Inayonuka Duka

"Funga domo! Mwenzio analea watoto ishirini na watatu, wewe mmoja tu amekushinda!"

"Analea, au anawapanga kama magunia? Dirisha langu linatazama stoo yake, shoga. Naona ninachokiona."

Ni saa mbili asubuhi. Muuza mkaa, aliyeanza, na fundi cherehani mwenye dirisha, majirani wa kituo ukuta kwa ukuta, wanarushiana maneno mbele ya geti la kituo cha kulelea watoto. Pembeni yao amesimama mwanamke mfupi mwenye raba na begi la mgongoni. Anaandika.

Ni mkaguzi wa malezi, mwenye umri wa miaka arobaini na saba. Walezi wanamwita Mnusa Mito, na jina hilo hakupewa bure. Akiingia bwenini hahangaiki na shuka. Anainama, pua kwenye mto.

"Shuka hufuliwa kwa ajili ya mgeni," anasema. "Mto humsema mwenye kichwa. Mafuta ya nywele, jasho, mate. Mto wa mtoto lazima unuke mtoto."

Ana miaka kumi na mmoja kazini. Vituo ni thelathini na nane, wakaguzi wawili. Kila kituo hufikiwa mara moja kwa mwaka, "barabara ikituhurumia."

Leo bweni linang'aa. Vitanda ishirini na vitatu, foronya nyeupe, doa hulioni hata kwa dawa. Mlezi mkuu, mwanamke mnene mwenye cheko la karibu, anatangulia kwa maringo ya mama wa bibi harusi.

Mkaguzi anainamia mto wa kwanza. Wa pili. Wa nane. Anapoinuka, uso umemshuka.

"Dada, mito hii inanuka duka."

Cheko linakatika.

Anaomba kuoneshwa stoo. Mlango unafunguka: mikeka imeegemezwa ukutani, ndala ndogo zimejaa mlangoni, harufu ya mkojo inawasha macho. Juu ya mfuko wa saruji kuna mwanasesere asiye na mkono, amefunikwa gazeti vizuri hadi shingoni.

"Watoto wanalala humu?"

"Tangu mwaka jana."

"Mungu wangu! Kwa nini?"

Mlezi anakwenda ofisini, anarudi na karatasi iliyotunzwa ndani ya nailoni. Ni ripoti ya ukaguzi uliopita. Chini kabisa pameandikwa kwa mkono: *Magodoro yana madoa. Nikiyakuta tena, kituo kitafungwa.*

Mwandiko ni wa mkaguzi mwenyewe.

"Wengine vikojozi, dada," mlezi anasema. "Ukifunga, nawapeleka wapi? Nikatandika magodoro na mito mipya, nikaona bora vitanda vipumzike, watoto wabaki."

Mkaguzi anakaa juu ya ule mfuko wa saruji, mwanasesere mapajani.

"Nilipigwa na butwaa," anasimulia. "Nilidhani nimekuja kumkamata mtu. Nikajikamata mwenyewe. Mwaka mzima watoto wamelala sakafuni kwa kalamu yangu!"

Hafungi kituo, wala hamwachii mlezi. Anaandika kosa la mlezi, na chini yake anaandika la kwake, anatia saini yote mawili. Anaagiza kabla jua halijazama watoto wawe vitandani, nailoni chini ya shuka, na mtu wa kuwaamsha kwenda chooni.

Sasa anataka fomu ya ukaguzi ibadilishwe katika vituo vyote, hata wakubwa wake wakimcheka. "Swali la kwanza liwe moja tu: jana nani alilala hapa? Doa lisiwe kosa tena. Doa ni ushahidi kwamba kitanda kina mwenyewe."

Siku kumi baadaye anarudi bila taarifa. Ananusa. Mto wa kwanza mafuta ya nywele, wa pili mate. Godoro la pembeni lina doa kubwa kama ramani, na mwanasesere amelala juu yake, safari hii kwa shuka.

"Hapo sasa!" anasema, na machozi yanamlengalenga.

Nje, fundi cherehani amerefusha shingo juu ya ukuta. Mlezi mkuu anamwona. Uani watoto wanaacha kugonganisha sahani.

"Wewe mdomo mrefu!"

"Abee."

"Utavunjika shingo hapo juu. Chakula kimeiva. Zunguka getini uingie ule, uone kwa karibu."

"Na mwenzangu wa mkaa?"

"Mwite naye. Ugomvi wenu malizieni mezani."