Baba Mkwe Aliyekuja Kunilea Uzazi

Mama yangu aliteleza kwenye mfereji wa shambani kwetu Kilimanjaro, akavunjika mguu, siku chache kabla sijajifungua. Mizigo yake ilikuwa imeshafungwa: ndizi za mtori, mafuta ya ng'ombe, vitenge vya kufanyia kazi. Alinipigia simu kutoka wodini akilia, na hakuwa analilia mguu. "Nani atakulea uzazi mwanangu?" Mama mkwe alifariki zamani, sijapata hata kumwona. Dada sina. Mume wangu, fundi friji asiyeijua nepi wala uji, akaniambia nisiwe na wasiwasi: atampigia baba yake huko Newala, atutafutie mtu.

Nilijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Niliporudi nyumbani kwetu Temeke, natembea nimejikunja na mkono uko tumboni, nilimkuta mtu huyo keshafika. Alikuwa amekaa kibarazani, kapakata mfuko wa unga wa uji. Alikuwa baba mkwe mwenyewe, mchonga vinyago mwenye mikono kama magome ya mti.

"Shikamoo Baba," nikasema, nikiangalia chini.

"Marahaba mwanangu. Pole kwa safari kubwa." Akamgeukia mwanawe. "Uliniambia nitafute mtu. Nimetafuta kijiji kizima, wote wako kwenye korosho. Nimejipata mie."

Sikujua nicheke au nilie. Kwetu na kwao pia, mkamwana na baba mkwe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Mkono hatupeani. Sasa huyu ndiye wa kunilea uzazi, mie niliyekuwa sivai hata gauni la maana kwa sababu ya mshono? Lakini mzee alikuwa kapanga mambo yake tangu kwenye basi. Alitangaza kwamba pazia la chumbani ni mpaka, na yeye hatauvuka. Sebule, jiko na beseni la mtoto ni vyake. Chumbani ataingia mwanawe, na atafanya anachoambiwa.

Shida ilianza usiku uleule. Wodini wauguzi walikuwa wakinisaidia; nyumbani mtoto hakutaka kushika ziwa. Alilia mpaka akawa mwekundu, nami nikalia naye. Baba mkwe akaja kusimama upande wa pili wa pazia, nikaviona visigino vyake pale chini. Alikuwa ametupa mgongo.

"Mwambie mkeo asikiinamishe chakula kwa mtoto," akasema. "Amlete mtoto kwenye chakula."

"Baba anasema usikiinamishe..."

"Nimesikia," nikasema.

"Amesikia, Baba."

"Mwambie aweke mto chini ya kiwiko. Halafu asubiri mtoto apige mwayo, kinywa kiwe kama cha samaki. Hapo ndipo amsogeze. Upesi!"

Mume wangu akarudia yote, neno kwa neno, mpaka lile "upesi", kama mkalimani mkutanoni. Nilipoanza kucheka mshono ukaniuma, nikamsihi anyamaze, na katikati ya kicheko hicho mtoto akapiga mwayo. Nikamsogeza. Akashika. Nyuma ya pazia tukasikia mzee akishusha pumzi ndefu, kisha akasema, "Haya, mke wangu kala. Nikalale." Ndivyo alivyomwita mjukuu wake tangu mwanzo: mke wangu.

Nilibaki macho nikiwaza. Tangu utotoni nilikuwa naamini kulea kumo ndani ya mwanamke, na siku ikifika kutatoka kwenyewe. Kweli, maziwa yalitoka yenyewe, mpaka yakalowesha shuka. Ujuzi haukutoka. Mie mwalimu wa darasa la kwanza, ninayetuliza watoto wa watu kutwa nzima, nilikuwa namshika wangu kama sahani ya kuazima. Mwili ulinipa tumbo, uchungu na maziwa. Mengine yote ilibidi nifundishwe, tena na mwanaume aliyenipa mgongo.

Asubuhi alimwogesha mtoto sebuleni. Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya hewa, na wapangaji wenzetu hawakuchelewa kupita. Jirani wa chumba cha mbele, mama muuza vitumbua, alisimama mlangoni na bakuli lake mkononi.

"Mzee, hiyo kazi ya kike hiyo! Si ungetuita sie?"

Baba mkwe alipima maji kwa kiwiko. "Kunyonyesha siwezi, mama, hilo Mungu kaninyima. Maji haya nayo yanauliza anayeogesha nani?"

Jirani akacheka, akaketi atazame mwisho wake. Mzee alimlaza mtoto kifudifudi juu ya kigasha cha mkono wake, akamwagia maji mgongoni kidogokidogo, mtoto kimya, macho kodo.

"Nani kakufundisha?" jirani akauliza, sasa kwa sauti nyingine.

"Bibi mmoja wa kijijini, tena kwa makofi. Huyu fundi friji alipozaliwa, mama yake aliugua, hawezi kunyanyua hata kikombe. Ndugu zetu wako mbali. Nikamwomba yule bibi aje aogeshe. Akaniambia, 'Wewe unachonga kinyago mpaka kucha za vidole, utashindwa na mtoto?' Kila nikikosea, kofi. Nilimbeba mwanangu mgongoni nikiwa nachonga. Wanaume wenzangu walicheka, wakachoka."

Mume wangu alikuwa akitafuna kitumbua. Akaacha. Hakuwahi kuambiwa. Akamuuliza baba yake taratibu, "Mie ulinibeba, Baba?"

"Nani mwingine? Tena ulikuwa mzito."

Kuanzia siku hiyo mume wangu hakungoja kutumwa. Alijifunza kufunga khanga: kumlaza mtoto mgongoni, kuvuta, kukunja, kukaza kifuani. Mara ya kwanza mtoto aliteleza mpaka kiunoni, mzee akampiga mwanawe kofi la bega, nadhani kwa heshima ya yule bibi. Uji wa pilipili manga ukatuwasha koo sote. Mtori ulipikwa kwa simu, mama yangu akitoa amri kutoka kitandani Kilimanjaro.

"Mzazi mwenzangu, umeponda ndizi?"

"Nimeponda, nimetia na nazi."

"Nazi! Kwenye mtori! Ngoja mguu wangu upone!"

Walibishana kila siku, na nakwambia mtori ule wa nazi ulikuwa mtamu. Mama sijamwambia mpaka leo.

Jioni moja mume wangu alitoka na mtoto mgongoni kwenda dukani kununua sabuni. Vijana wa kijiweni walipiga miluzi. "Braza, umeolewa?" Nilisikia kutoka dirishani, nikajua atarudi kanuna. Alichelewa. Nikamwomba mzee aangalie, akarudi anacheka, akaniita nisogee dirishani mwenyewe. Mume wangu alikuwa kasimama katikati ya kijiwe, mtoto kalala fofofo mgongoni, akimfunga dereva bodaboda khanga ya kuazima, na mgongoni mwa dereva mlikuwa na mfuko wa unga wa sembe badala ya mtoto. "Kaza hapa kifuani, siyo shingoni! Utajinyonga." Dereva yule mkewe alikuwa mjamzito. Wenzake walikuwa wamemzunguka, wakibishana fundo likae wapi.

Ilipofika arobaini, mtoto alitolewa nje na wapangaji wote wakaja. Kwa desturi, aliyelea uzazi huvikwa khanga na kushangiliwa. Nilikuwa nimenunua doti, lakini nilikuwa naona haya namna ya kumpa. Sikuhitaji kuwaza zaidi. Mama muuza vitumbua alininyang'anya ile doti mkononi, akamvika mzee begani, akapiga kigelegele kilichowaamsha kuku wa jirani. Wanawake wakamweka katikati, wakaimba, naye akacheza, taratibu kwanza, halafu kwa magoti yote mawili, kama ngoma za kwao. Mume wangu alicheza pembeni yake, mtoto mgongoni.

Mzee alikuwa akate tiketi ya kurudi Newala kesho yake. Kabla hajafunga mfuko, jirani yangu akabisha hodi, kavaa vizuri kama anayekwenda kuposa.

"Mzee wangu, binti yangu wa Mbagala anajifungua mwezi huu. Mie nina biashara yangu ya vitumbua siwezi kuiacha. Nimekuja kukuomba."

Baba mkwe alijikuna kidevu. "Mumewe yupo?"

"Yupo."

"Mlete yeye," akasema. "Nitabaki kidogo nimfundishe."